Feni ya Bi Rasulan

Wale mabwana wa televisheni wakianza kusema "marekebisho ya ruzuku", mimi huzima televisheni. Wateja wangu hulalamika kwamba wanataka kusikia habari. Nawaambia waende wakasikilize kwingine, hapa panauzwa maziwa na mtindi. Si kwamba nina ugomvi na mtu. Ni kwamba namkumbuka jirani yangu Bi Rasulan, na nikimkumbuka siku yangu yote inaharibika.

Duka langu na mlango wake vilitazamana. Kati yetu palikuwa na mfereji wa maji machafu na hatua chache za udongo, hapa kwetu Faisalabad, kwenye mtaa wa mashine za kufuma ambazo hazinyamazi mchana wala usiku ila umeme ukikatika. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kazi yake ilikuwa kuzungusha uzi kwenye vijiti vya kupeleka kiwandani, na aliifanya akiwa ameketi kitandani uani huku akigombana na watu watatu kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Alinishutumu kwa miaka yote hiyo kwamba natia maji kwenye maziwa. Nilikuwa natia, kidogo, kama wanavyotia wote, na yeye aliendelea kununua kwangu.

Alikuwa na wana wawili, Ishfaq mkubwa na Tanvir mdogo, wote mafundi wa mashine za kufuma, wote wameoa, na wote waliishi naye. Hilo ndilo lililokuwa jambo la maisha yake. Marehemu mumewe alitengana na ndugu zake kule kijijini kwa ugomvi wa shamba, na hawakusalimiana tena hata misibani. Bi Rasulan aliniambia zaidi ya mara moja, "Barkat, mimi sina shamba wala dhahabu. Nina sufuria moja. Nikifa wanangu wakiwa bado wanakula sufuria hiyo moja, basi nimefaulu." Jioni ungewaona wote kumi uani wameketi kuzunguka dengu na chapati, watoto wanavutana nywele, wale wakazamwana wawili, Kausar wa Ishfaq na Musarrat wa Tanvir, wanacheka jambo ambalo wanaume hawakuambiwa. Mtoto mmoja angekuja dukani na bakuli moja kubwa la shaba, akaondoka na mtindi wa nyumba nzima.

Basi serikali ikaondoa bei nafuu ya umeme. Walisema wakopeshaji wa nje wamechoka kuona pesa zinapotea, kwamba nafuu ibaki kwa maskini tu. Sawa. Na maskini utamjuaje? Wakasema maskini ni yule asiyezidisha yuniti mia mbili kwa mwezi. Huyo wakamwita mteja anayelindwa. Ukizidisha hata yuniti moja, mwezi mmoja tu, unatolewa kwenye ulinzi na kulipa bei ya wenye nacho nusu mwaka mzima. Kwa hiyo watu wanne wenye friji mbili na mita yao peke yao wakawa maskini, na watu kumi waliojibana kwenye vyumba vitatu na mita moja wakawa matajiri. Bili ya kwanza ilipokuja nyumbani kwa Bi Rasulan, Ishfaq aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

Nilikuwepo siku alipopata ile fikra yake. Nilikuwa nimepeleka maziwa.

"Ishfaq, hebu nieleze," alisema bila kuacha kuzungusha uzi. "Nyumba ikiwa na mita mbili, kila mita ina mia mbili zake?"

"Ndiyo, Mama. Ila nyumba moja hawatoi mita mbili."

"Basi tuwe nyumba mbili."

Kausar, mke wa Ishfaq, aliinua uso kutoka kwenye unga. "Mama, ndiyo unatufukuza hivyo? Ungesubiri basi nimalize kukanda."

"Nani anakufukuza, we mtoto? Nani atanipikia? Nasema tujenge kiukuta cha uongo katikati ya ua. Tunaweka mlango, bila komeo. Serikali ione nyumba mbili, Mungu aone moja."

Tulicheka sana. Tanvir alimbusu mama yake kichwani akasema angezaliwa mwanamume angekuwa waziri. Na msije mkasema alikuwa mwizi. Mtaa mzima ulifanya hivyohivyo. Huyu alimfanya kaka yake mpangaji, yule alijenga ngazi ya nje isiyokwenda popote. Watu waliokuwa wakijivunia kukaa pamoja vizazi vitatu wakaanza kutafuta namna ya kuonekana wametengana. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akabuni kanuni ya namna hiyo, lakini nadhani hakuwa na ndugu.

Ukuta ukajengwa, tofali moja unene, na mlango katikati. Mita ya pili ikafungwa. Mwaka mmoja mambo yakaenda vizuri. Watoto walipita pale mlangoni wakikimbia, sufuria ilibaki moja, na feni ya Bi Rasulan iliwekwa upande wa Ishfaq. Feni yenyewe ilikuwa lile sanduku la bati linalotiwa maji, lenye nyasi kavu ubavuni na pampu ndani. Linapoza chumba kweli, na linakula umeme kweli. Joto letu la Juni hamlijui. Kijana hulivumilia. Mwanamke wa umri wake mwenye shinikizo la damu hawezi.

Kisha serikali ikagundua. Si vigumu kugundua kwamba mji mzima umezaa mita mpya. Likatoka agizo la ukaguzi, na kwetu akaja bwana mmoja mpole mwenye miwani, aliyekuwa akijifuta jasho kwa leso. Alisimama mbele ya ule mlango.

"Huu wa nini?"

"Wa kupita," Bi Rasulan akajibu.

"Nyumba mbili hazina mlango wa kupita, mama."

"Za kwenu huko labda. Hawa ni ndugu."

"Mtaa huu kila mtu ana ndugu, mama yangu. Mimi natazama kanuni. Ukuta uwe mzima. Kila upande uwe na mlango wake wa barabarani na jiko lake, jiko linalopikiwa, si la maonyesho. Nitarudi bila taarifa. Nikikuta sufuria moja, naondoka na mita moja."

Alikunywa maji, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina wa kumchukia.

Tanvir mwenyewe ndiye aliyeziba mlango. Bi Rasulan alisimama akimpa tofali mojamoja, na kila moja alilisindikiza na mzaha. "Ziba vizuri, waziri wangu. Acha tundu la kupitishia chumvi." Walitoboa mlango wa pili barabarani, wakanunua jiko la pili, na mama akawapa amri: waigize. Kila upande upike, basi. Chakula kikishaiva watakutana wale pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Lakini kukutana kulitaka mtu atoke nje, apite barabarani na sufuria ya moto mbele ya majirani, aambae mfereji, aingie mlango wa pili. Na mkaguzi alisema atakuja bila taarifa. Mara ya kwanza watoto walioshika bakuli walirudishwa mbio kwa sababu mtu mwenye miwani alionekana kona. Alikuwa muuza bima. Baada ya hapo Kausar akasema leo tusihangaike, kila mtu ale kwake, tutakula pamoja Ijumaa. Ijumaa ikafika Tanvir yuko zamu. Nilijua mambo yameharibika siku ile mtoto wa Musarrat alipokuja dukani na kibakuli cha plastiki, na nyuma yake binti ya Kausar ana chake, na hawakuja pamoja.

"Ami Barkat, wa kwetu uwe mzito," yule wa kwanza aliniambia.

"Wa kwenu wapi?"

"Kwetu. Upande wetu."

Nikamtilia mtindi, na nilitamani kumzaba kofi ambalo hakustahili.

Jiko lililowashwa kwa kuigiza linapika chakula cha kweli. Upande mmoja ukinunua nyama, harufu haijui kuigiza. Watoto wakauliza kwa nini wale wanakula nyama, wakajibiwa wale ni wale. Musarrat alisikika akisema Kausar huchelewesha chakula ili watoto wa wenziwe wapite wakiwa wameshiba. Kausar alisikika akisema mengine. Zamani maneno kama hayo yalikufa palepale jioni, maana huwezi kumnunia mtu mnayekula naye sahani moja. Sasa yalikuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake.

Bi Rasulan alihangaika nao. Alipita barabarani mara nyingi kwa siku, kutoka mlango huu kwenda ule, amebeba nusu ya kachumbari, kipande cha kitambaa, salamu alizozitunga mwenyewe. "Kausar anakuuliza mtoto ameacha kukohoa?" Kausar hakuuliza kitu. Musarrat alijua hakuuliza. Alijibu, "Mwambie anaendelea vizuri," na mama akaondoka amefurahi, kwa kuwa hilo angalau lilikuwa neno la kweli la kupeleka.

Kilichobaki kilikuwa feni. Bei ilikuwa imepanda tena, na kila upande ulikuwa ukitembea pembezoni mwa zile mia mbili. Wakakubaliana mama alale nusu mwezi huku na nusu mwezi kule, na sanduku lake la bati libebwe naye. Kwa maneno ilikuwa heshima, kila mwana apate thawabu ya kumtunza mamaye. Kwa vitendo, mita ya upande mmoja ikikaribia kikomo kabla ya msomaji wa mita kuja, Ishfaq au Tanvir angesema, "Mama, huko kwa mwenzangu leo kuna hewa zaidi," na lile sanduku lingebebwa barabarani, yeye akifuata nyuma na mto wake. Nililiona hilo kwa macho yangu. Mara ya kwanza alinipungia mkono akatania, "Barkat, nimekuwa bibi harusi, napelekwa kwa mume." Mara zilizofuata hakutania.

Juni iliyopita sikukuu iliangukia wakati wa kusoma mita. Ofisi zikafungwa, msomaji akachelewa, siku zile chache za nyongeza zikahesabiwa kwenye mwezi uleule. Nusu ya mtaa ilizidi kikomo kwa kosa hilo. Tanvir alizidi kwa yuniti tatu. Bili yake ilimeza zaidi ya nusu ya mshahara, na bei hiyo ingeendelea nusu mwaka. Alikwenda ofisini kueleza, akaambiwa mashine ndiyo inayopanga, hakuna wa kuibadilisha. Mtoto wake mkubwa akatolewa shule ya kulipia wiki hiyo hiyo.

Mimi simlaumu Musarrat kwa alilolisema. Alikuwa na bili mkononi na mtoto analia. Alisema kwa sauti, akijua ukuta ni wa tofali moja.

"Siku za sikukuu Mama alilala kwa nani? Feni ilizunguka kwa nani mchana kutwa? Kwetu. Wenzetu walijua tarehe, wakatuletea mapema."

Kutoka upande wa pili Kausar akajibu, "Mwezi uliopita ilizunguka kwetu, tulisema kitu? Yuniti tatu ndizo mnamhesabia mzazi?"

"Kama si kitu, mchukueni."

"Zamu yenu haijaisha."

Na hapo Ishfaq na Tanvir waliingia, wakaambiana mambo yasiyorudishika. Mtaa mzima ulizima redio kusikiliza. Bi Rasulan alikuwa upande wa Tanvir, ameketi kitandani, anazungusha uzi. Nilimwona kupitia mlango wa barabarani uliokuwa wazi. Aliweka kijiti chini, akainama, akachomoa waya wa feni ukutani. Kisha akaendelea na kazi yake.

Tangu hapo alianza kukaa kwenye chumba cha uzi. Ni kijichumba cha mbele, chenye mlango wake barabarani, walichokuwa wakiwekea mizigo ya kiwandani. Ukuta ulipojengwa kilibaki katikati, na kwa kuwa hakuna upande uliotaka kubeba taa yake, kilikatwa umeme. Hakikuwa kwenye mita ya mtu yeyote. Nilimuuliza anafanya nini humo, mchana wa joto namna hii.

"Kuna kivuli," alisema.

"Kuna bati juu yako, Bi Rasulan. Unaoka."

"Barkat, wewe uza maji yako meupe uniache. Hapa sina kesi na mtu."

Kwa Kausar alisema anashinda kwa Musarrat. Kwa Musarrat alisema anashinda kwa Kausar. Kila mmoja aliamini, au alipenda kuamini, maana kulimpunguzia mzigo. Usiku alilala kwenye ujia wa nje kama wengi wetu. Mchana alikuwa mle ndani na uzi wake, na adhuhuri alivuka kuja kwangu kunywa gilasi ya mtindi wa chumvi, akanitukana kidogo, akarudi.

Siku moja adhuhuri ilipita hakuja. Nilidhani amekasirika, kisha nikakumbuka kwamba akikasirika ndiyo huja mapema. Nikapiga hodi kwa Ishfaq.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwa Musarrat," Kausar akasema, mikono ina unga.

Nikapiga hodi kwa Tanvir.

"Yuko kwa Kausar, Ami."

Nilikwenda nikasukuma mlango wa chumba cha uzi, na joto lililotoka humo lilinirudisha nyuma. Alikuwa amelala ubavu juu ya magunia ya uzi, macho nusu wazi, ngozi kavu inawaka, hana hata tone la jasho. Nilimwita akatikisa midomo. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji ya barafu ya kupozea maziwa, nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Tulimpakia kwenye bajaji, Kausar upande huu na Musarrat upande ule wamemkumbatia, wanamfuta kwa mitandio yao, na wote wawili wanamwita Mama. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Uwanja wa kumweka maiti haukutosha upande wowote, kwa ajili ya ukuta. Aliwekwa barabarani, mbele ya milango yote miwili, na wanawake wakamlilia hapo.

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi jiko siku tatu. Majirani hupika. Basi tulipika sisi. Tulileta masufuria, tukatandika jamvi moja refu barabarani, na wakakaa wote, Ishfaq karibu na Tanvir, Kausar na Musarrat bega kwa bega, watoto wamechanganyika. Walikula sufuria moja. Nilikuwa nikiwapakulia, na machozi yalinitoka bila aibu, kwa sababu hicho ndicho alichokiomba, na ilibidi afe ndipo akipate. Nilitumaini, nakiri. Nilidhani msiba umewarudisha.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, Tanvir alisema, akitazama chini, "Kaka, tuuvunje ule ukuta."

Ishfaq aliutazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

"Tukiuvunja wanachukua mita," alisema. "Wewe tayari umetolewa. Tukirudi kwenye mita moja tutakuwa nje ya nafuu sote, na hatutarudi tena. Watoto wangu nao watoke shule?"

"Basi baada ya joto."

"Ndiyo. Joto likipita."

Wakakunja jamvi, kila mmoja ameshika ncha yake. Asubuhi ya nne kulikuwa na moshi upande huu na moshi upande ule, na watoto wakaja dukani na vibakuli vyao.

Joto lilipita. Hakuna aliyetaja ukuta. Mwezi wa Oktoba yule bwana wa miwani alirudi, bila taarifa, kama alivyoahidi. Alikagua majiko, akatazama milango, akabisha ukutani kwa kidole. Alimuuliza mtoto mdogo wa Musarrat, hivi ghafla, kama wanavyofundishwa, "Nani anaishi upande wa pili?"

"Watu," mtoto akasema.

Alikuja kununua mtindi kwangu kabla ya kuondoka. Alisema amechoka, kila nyumba ya mtaa huu inajaribu kumdanganya, na ameshakata mita nyingi tangu asubuhi. Akaonyesha kwa kijiko kule ng'ambo ya mfereji, akasema wale peke yao ndio hawakumdanganya.